Mjomba Winchi na Dozi Isiyoisha

Mjomba wangu wanamwita Winchi, kwa sababu mfuko wa simenti wa kilo hamsini anaupandisha begani kama mtu anayevaa shati. Miaka ishirini na mbili alipakia magari kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Mimi nauza chai hapo mlangoni, na kwa mdomo wangu huu tuligombana kila siku iendayo kwa Mungu.

Mwaka jana alishikwa na kizunguzungu akakaa chini. Nikamburuta zahanati. Nesi akampima mara mbili, akakunja uso.

"Baba, shingoni kuna mishipa inayolinda presha. Ukisimama ghafla damu inashuka miguuni, mishipa hiyo inauamsha moyo uongeze mbio. Presha ikipanda, inauambia upunguze. Ila yako imepanda miaka mingi mpaka walinzi wamezoea, wanaona huko juu ndiyo kawaida. Moyo wako unasukuma mlango ulioegemewa na watu kumi."

"Kumbe moyo nao ni kuli mwenzangu," mjomba akacheka.

"Ni kuli, ila hana Jumapili. Hivi vidonge vinampunguzia mzigo. Kimoja kila siku. Hii dozi ya mwezi, ikiisha rudi."

Hilo neno dozi ndilo lililotumaliza. Sisi dozi tunayoijua ni ya malaria: unameza, unamaliza, unapona, unatupa karatasi. Mjomba alimeza vyote thelathini, hakuruka hata kimoja. Basi. Mwezi wa tatu tangu tutoke zahanati, namuuliza vidonge viko wapi.

"Dozi nimemaliza, mwanangu."

"Nesi alisema urudi."

"Nirudi nikiumwa. Naumwa? Nitazame." Akabeba mifuko miwili kwa mpigo, kunikomoa tu.

"Mjomba, una kichwa kigumu kuliko hiyo simenti."

"Na wewe una mdomo mrefu kuliko foleni. Mimina chai."

Nikamimina. Mimi na hasira zangu zote, siku ile nikanyamaza. Nikajisemea shauri yake.

Wiki hiyohiyo, saa nne asubuhi, aliinama kuchukua mfuko, hakuinuka. Tulipomgeuza, mdomo umepinda. Hospitali wakasema mshipa umepasuka kichwani.

Sasa yuko chumbani kwangu. Mkono wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Kila asubuhi nasaga kidonge, nampa na maji kwa kijiko, nusu yanamwagikia kifuani. Jana nikamfokea kwa kumwaga. Akanitazama tu. Natamani anitukane.