Mkate Uliolala na Bibi

Kwetu Usukumani mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Sijui nani alipitisha sheria hiyo. Nilizaliwa nikakuta nimeshaoa. Bibi alianza kuniita mume wangu nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mimi nilipopata akili nikaanza kudai haki zangu: mbona mke hanipikii, mbona mke ana mvi kunishinda, mbona sikuonyeshwa mahari. Alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la khanga.

Mwaka huu alikuwa hacheki. Babu alifia hospitalini, na matanga yalipoisha Mama akamtoa Bibi kijijini, upande wa Shinyanga mjini, akamleta kwetu huku Bulyanhulu. Akapewa chumba changu. Mimi nikahamia sebuleni, kwenye kochi linalonuka miguu ya mjomba, mdogo wake Mama, ambaye ni mchimbaji mdogo na hutoka machimboni mwisho wa wiki kuja kuoga, kula na kutucheka.

Uji Bibi alikunywa vijiko vya kumridhisha Mama tu, kisha akageukia ukuta. Ugali hataki. Wali hataki. Hata michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa ambavyo amevila maisha yake yote, alivitazama kama vitu vya watu wengine. Mifupa ya mabega ikaanza kusukuma gauni kutokea ndani.

Ijumaa jioni Mama alisimama mlangoni kwake.

"Mama, Jumatatu ikifika hujala, nakupeleka hospitali wakakutundikie dripu."

Bibi akauambia ukuta: "Huko tulikwenda wawili, nikarudi peke yangu. Siendi."

"Basi kula."

Mama akaondoka akisema anatafuta ndoo. Ndoo ilikuwa miguuni pake.

Nikaingia mimi. "Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba."

"Sema unataka kula nini. Chochote. Ukitaka ng'ombe mzima, naenda kuiba."

Akavuta blanketi hadi shingoni. Kisha akasema, "Mkate."

Nilikimbia dukani kama nafukuzwa. Nikarudi na mkate wa mfuko, ule uliokatwa vipande vinavyolingana. Akabonyeza kipande kimoja kwa kidole, kikabonyea, kikainuka tena.

"Hii pamba," akasema. "Nimelima pamba tangu msichana, leo mnataka niile?"

Akanieleza mkate anaoutaka. Babu alipokuwa kibarua Isaka, akipakua magunia kwenye mabehewa, kulikuwa na mama mmoja karibu na stesheni aliyeoka mikate kwa mkaa. Mikate ya mviringo, mizito, inanuka moshi. Babu akirudi nyumbani alikuwa anauficha mmoja ndani ya koti ili watoto wasiuone, anampa yeye kwanza.

"Mume yule alikuwa anajua kuleta," akasema. "Wewe mume gani?"

Nikatoka nimenuna. Mume gani? Mume wa kidato cha tatu ambaye mapishi yake yote duniani ni ugali.

Jumamosi Mama alipokwenda kwenye kibanda chake cha mitumba, nikanunua unga wa ngano na pakiti ya hamira. Sikuwa na wasiwasi. Unga ni unga, nikajiambia, na mtoto wa Kisukuma hafundishwi unga. Nikabandika maji yakachemka mpaka yakarusha mapovu, nikatia chumvi, nikatia hamira yote, nikamwaga unga, nikashika mwiko, nikasonga. Nilisonga kweli kweli, sufuria nimeibana kwa vijiti nilivyovikanyaga isikimbie, jasho linadondokea ndani. Likatoka donge la kijivu linalong'aa kama kipara cha mwalimu wetu wa nidhamu. Nikaliweka kwenye sufuria nyingine iliyopakwa mafuta, mkaa chini, mfuniko juu, na mkaa mwingine juu ya mfuniko, kama Mama anavyooka keki ya Krismasi.

Mjomba alifika nikiwa nalitoa. Vumbi la duara, shimo lao la dhahabu, lilikuwa bado limemjaa kwenye nyusi. Akaligonga mezani: ko, ko, ko.

"Mjomba, umelitoa shimo gani hili?"

"Ni mkate."

Akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja kalifumba. "Jiwe zuri. Naona lina mshipa. Tulipeleke karasha likasagwe, hatukosi dhahabu ya kununulia soda."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikaona hapo hapo kwamba hii ndiyo dawa: Bibi akiliona atacheka, akicheka atakula. Nikalibeba kwenye sinia kwa heshima zote kama nampelekea mkuu wa mkoa. "Mke wangu, mkate wa Isaka umefika, ila umekuja na reli yake."

Akaligusa. Akalipapasa pande zote kwa vidole vyake vyembamba. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Wabeja, mume wangu," na akageukia ukuta.

Angenitukana ningelala vizuri. Asante ile iliniweka macho usiku kucha, na kochi lile lilivyonuka, sikulisikia.

Jumapili nilimwambia Mama tumbo linauma. Aliponiacha akaenda kanisani, nikafukua pakiti ya hamira kwenye jaa na kusoma nyuma yake, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya jana. Maji ya vuguvugu. Kanda kwa mikono. Acha mahali penye joto hadi uumuke. Na aibu ni kwamba hamira nilishafundishwa darasani, kwamba ni viumbe hai, na kwenye mtihani niliandika hivyo nikapata vema. Jumamosi nikawachemsha wote wakiwa hai.

Nikanunua pakiti nyingine. Safari hii nikakanda kwa mikono, taratibu. Nikafunika bakuli kwa kitambaa, nikasubiri. Lakini mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri, baridi imejaa nyumba nzima, na donge limekaa tu pale kama mwanafunzi aliyelazimishwa kuhudhuria tuisheni. Nikazunguka natafuta mahali penye joto. Jikoni upepo. Sebuleni upepo. Nyumba yetu ilikuwa na sehemu moja tu ya joto, chini ya mablanketi ya Bibi.

"Sogea, mke wangu."

"Nini hicho?"

"Mtoto wetu. Anasikia baridi."

Akageuka kutoka ukutani. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi. "Nimezaa uzee huu bila kuambiwa?"

"Ndiyo nakuambia sasa. Asipopata joto hakui, na asipokua hakuna mkate."

Akapenyeza mkono chini ya kitambaa. "Mbona wa baridi hivi? Baba yake mjinga." Akalizungushia bakuli khanga yake, akalivuta tumboni, akajifunika mpaka shingoni. Mimi nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Ilipopungua, akaniita.

"We kijana."

"Naam."

"Kinasogea."

"Acha uongo, Bibi."

"Nimezaa watoto mimi, wewe utaniambia kinachokua tumboni? Lete mkono."

Nikapeleka mkono. Kitambaa kilikuwa kimeinuka. Chini yake donge lilikuwa laini, limejaa, lina joto kama shavu la mtoto aliyetoka kulala. Nikataka kulichukua, akanipiga kofi mkononi.

"Bado."

Mama akarudi kutoka kanisani, amelowa, akachungulia. "Mama, una nini humo kitandani?"

"Funga mlango, unatuingizia baridi."

Mama akafunga mlango. Nikamsikia amesimama nje yake, hajaondoka.

Lilipofika wakati wa kuoka, Bibi alikataa kubaki chumbani. Akatoka kwa miguu yake, anajishikilia ukutani, akakaa kwenye kigoda jikoni kuchunga jiko. "Punguza mkaa wa chini." Sikupunguza, nilijiona mtaalamu. Mkate ukatoka chini mweusi kama tairi, juu umepauka, umeinamia upande mmoja. Nikauweka kwenye sinia mbele ya Bibi. Mama alikuwa anamenya kitunguu, kisu kimesimama hewani.

Bibi akaumega katikati, mvuke ukapanda. Akachovya kwenye chai, maana meno yaliyobaki si ya kutegemea, akatia mdomoni. Akatafuna polepole, macho amefumba. Akameza.

"Wa Isaka ulikuwa mtamu," akasema. "Huu si mtamu."

Kisha akamnyooshea Mama kikombe. "Ongeza chai."

Mama akaongeza, akamwaga nyingine mezani. Bibi akamega tena. Na tena. Akabakiza gamba la chini lililoungua, akaniwekea mimi kiganjani, nami nikalitafuna lote, likikwaruza kama changarawe.

"Mama," Mama akasema, "kuhusu kesho..."

"Kesho sina nafasi ya kwenda popote." Bibi akanigeukia. "Unga umebaki?"

"Umebaki."

"Hamira?"

"Imekwisha."

"Basi kanunue kabla hawajafunga. Na huyo wa kesho uniletee mapema. Huyu nilimpokea ameshapoa, ndiyo maana kapinda."

Nikavaa kandambili za Mama, nikaingia mvuani.