Mfipa Aliyebeba Ndoo

Dada Eufrazia ni Mfipa, na kwa miaka kumi na mitatu ameuza kuku wa kisasa kwenye kibanda chake hapa sokoni Kashaulili, mkabala na ninapotengeneza baiskeli. Kibanda hicho ndicho shamba lake na ndicho mume wake, husema mwenyewe. Amesomesha watoto wanne kwa vipapatio.

Mtani wake mkubwa ni Luhende, bwana afya, Mnyamwezi, maana makabila yao yana utani wa jadi, hadi msibani. Wakikutana lazima wazikane kwa maneno. Na mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unacheka, unamwacha aende nacho.

Novemba umeme ulikatika siku mbili. Kuku thelathini wakayeyuka kwenye friza, wakaanza kunuka, umeme uliporudi wakaganda tena. Dada Eufrazia akawapaka ndimu. Jumatatu Luhende akaja, akafungua friza, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mtani, hawa nawakamata. Sheria ya chakula."

"Wachukue, mbeba mizigo! Kwenu nyama mnaionaga msibani tu."

"Leo sitanii."

"Jamani, njooni muone! Mnyamwezi kapata kitoweo!"

Watu wakacheka. Luhende akatoa fomu. Dada Eufrazia akasaini bila kusoma, huku akifuta machozi ya kicheko, kisha akabeba ndoo mbili za kuku mwenyewe hadi kwenye gari. Mimi niliitwa kuwa shahidi. Nilipouona mhuri nikajua si mchezo. Nikakohoa mara tatu. Hakuna aliyegeuka, nikasaini.

Dada Eufrazia akapanda gari, nami shahidi nikapanda nyuma. "Nakwenda kuona mkeo atakavyowapika."

Gari halikwenda kwa Luhende. Lilikwenda dampo, palipochimbwa shimo. Kuku wakamwagwa humo, wakafuatiwa na mafuta ya taa.

"Luhende! Mafuta ya taa kwenye kuku wangu?"

"Nilikwambia sitanii. Na usinitupie radi za uchawi wa kwenu, Mfipa wewe."

"Sasa utanifungia na kibanda! Nitakula nini?"

Luhende akamnyooshea fomu. "Soma hapa. 'Amesalimisha mwenyewe kwa hiari.' Yule wa bucha alibisha, nikamfungia, sasa yuko mahakamani. Wewe umebeba mpaka ndoo. Unapata onyo tu."

Dada Eufrazia akasoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Kisha akashika kiuno.

"Basi lia."

"Nini?"

"Mtani gani anazika bila kulia? Lia!"

Luhende akaitazama sare yake, akawatazama wazoa taka waliokwisha kusogea, akavua kofia.

"Uuuwi! Kuku wa Wafipa, mmeniacha na nani!"

Wazoa taka walikaa chini kwa kucheka.

Kesho yake kibanda kilifunguliwa. Friza ilikuwa tupu, imeoshwa, mlango wazi. Kuku wazima walikuwa kwenye tenga, mteja achague achinjiwe palepale.

"Njooni mnuse!" dada Eufrazia aliwaita wapita njia. "Wale wabovu tumewazika jana. Serikali yenyewe imelia!"

Adhuhuri tenga lilibaki na jogoo mmoja, mkorofi, aliyekuwa akidonoa kila mkono ulioingia.