Upande wa Kulia wa Gitaa la Marvelle

Shangazi yangu Ozella Tibbs alipiga pasi mashati ya watu wa Detroit wiki nzima, na Jumapili alipiga gitaa. Alianza zamani, kanisa letu likiwa bado linanuka samaki wa duka lililokuwa humo kabla yetu. Mchungaji Hargrove alipofikia pale anapoimba mahubiri yake, gitaa ndilo lililomjibu, sentensi kwa sentensi. Shangazi alijua hata pale Mchungaji anapovuta pumzi.

Ndipo akaja Marvelle Stokes kutoka Memphis, na gitaa jeupe lenye mapambo ya dhahabu. Vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi zake viligawanywa: nyuzi tatu nene zilikuwa na waya wake, nyembamba tatu waya mwingine, kila waya na amplifaya yake. Kushoto mwa mimbari iliunguruma besi, kulia ukatoka wimbo wenyewe. Mchungaji akampa Marvelle kiti cha mpiga gitaa.

Lakini Marvelle alikuwa na amplifaya moja tu.

"Dada Ozella, niazime yako kwa ibada."

"Umechukua kiti, sasa unataka na meza?"

"Basi nitapiga nusu."

Mama Pruitt, mkuu wa akina mama wa kanisa, alikuwa anasikiliza, kwa hiyo shangazi alimwazima. Alikaa kando ya amplifaya yake, upande wa kulia nyuma ya piano, gitaa lake kuukuu mapajani. Wiki baada ya wiki alisikia sauti ya mwanamke mwingine ikitoka kwenye kitu chake. Nyumbani hakugusa kuku wala mboga.

"Huli, shangazi?"

"Nimeshiba Marvelle."

Jumapili moja, Mchungaji alipoanza kuimba mahubiri, shangazi aliinama akachomoa waya wa Marvelle kutoka amplifaya yake mwenyewe. Besi ikabaki peke yake. Mchungaji akaimba sentensi yake, akangoja, hakujibiwa. Marvelle alitazama vidole vyake kama si vyake. Shangazi alichomeka gitaa lake, akajibu. Alijibu kila sentensi mpaka Mchungaji akavua koti na watu wakasimama.

Baada ya ibada Mama Pruitt alimshika Marvelle mikono yote miwili. "Mwanangu, hilo gitaa lako leo limeniliza. Hasa ule upande wa kulia."

Shangazi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akikunja waya.

Marvelle alimfuata. "Dada Ozella, ningeweza kumwambia Mama Pruitt kwamba ulikuwa wewe."

"Mbona hukumwambia?"

"Na wewe ungeniomba, badala ya kuning'oa kama jino bovu."

Shangazi alibeba amplifaya yake mpaka nyumbani, akipumzika kila kona, na hakuniruhusu nimsaidie.

Jumapili iliyofuata aliirudisha mapema, kabla ya watu. Hakuiweka nyuma ya piano. Aliiweka mbele ya mimbari, akavuta kiti karibu nayo, akachomeka gitaa lake kuukuu, akanyoosha waya sakafuni ili kila atakayeingia aone unaishia kwenye gitaa la nani.