Fundi Cheche na Msomaji Wake wa Mita

Fundi Cheche hakuuzii betri mpaka apande gari lako. Ukifika kwake gari limezimika, analifufua kwa betri ya kuazima, anafunga kibanda kwa kufuli, anamwita mkewe, kisha mnabanana watatu kwenda kuzunguka mtaani. Yeye hukaa katikati, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Mkewe hukaa dirishani na mita ya kupimia umeme mapajani, nyaya zake ndefu zimepita chini ya boneti hadi kwenye betri.

"Soma, mama," anasema fundi, na mkewe anasoma. Wateja wenye haraka humkimbia kwa ajili hiyo.

Mimi nilifika pale Alhamisi nikisukumwa na wauza matofali wanne, na sikuwa na haraka tena. Mume wangu alipohamia kwa mke mwenzangu aliondoka na gari jipya. Pikapu kuukuu aliniachia mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwa sharti alilolitoa akicheka: ni yangu maadamu inatembea, ikilala inarudi kwake. Wazee waliona ni sharti dogo. Mimi nilijua anategea nini. Miaka kumi na minane alinitangaza mbele ya wageni kwamba mkono wangu unaua betri. Akiendesha yeye, betri inajaa. Nikiendesha mimi, siku tatu, kimya. Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa kweli. Betri ngapi zimenifia, na kila moja ilikuwa shahidi wake.

Pikapu hiyo ndiyo hubeba mashuka ninayofua, ya hospitali na ya nyumba mbili za wageni. Ikiondoka, na kazi imeondoka. Shemeji yangu, mdogo wake mume, alikuwa amenipigia simu asubuhi ile ile.

"Shemeji, nasikia imelala. Jumamosi nakuja kuivuta. Usinichukie, nimetumwa."

"Njoo," nilimwambia. "Ila njoo umekunywa chai kwako."

Tukazunguka. Nilikwenda polepole, kama ninavyokwenda siku zote, maana mashuka yaliyopigwa pasi hayapendi kurushwarushwa.

"Volti kumi na moja nukta tisa," mkewe akasoma. Tulipofika kona ya pili, "Nukta nane."

"Injini inanguruma na betri inashuka," fundi akasema. "Inatoa bila kurudishiwa. Dada, betri kazi yake kubwa ni kuamsha injini. Ikishaamka, mkanda unazungusha altaneta, na altaneta inalisha gari zima na kuirudishia betri ilichotoa. Hapo tungeona kumi na nne. Hebu kanyaga."

"Nikanyage kwenye matuta haya?"

"Kanyaga, dada! Tukifa, mama atasoma kwa niaba yetu."

Nikakanyaga mpaka vioo vikatetemeka. Mkewe akapiga ukelele: "Imeruka, mzee! Kumi na nne!"

Nilipopunguza mwendo, ikabaki pale pale. Fundi akacheka peke yake. Tuliporudi kibandani akaniambia nizime, niwashe tena, niiache ingurume taratibu. Mita ikasoma kumi na mbili, ikaanza kushuka. Akanizimisha, akaniambia nifungue ufunguo bila kuwasha injini.

"Mama, ile taa nyekundu ya betri imewaka?"

"Hakuna taa, mzee."

Akafungua dashibodi, akaingiza kidole kama mtu anayetafuta jino bovu. "Tundu tupu. Kuna mtu aliichomoa."

Hapo nikakumbuka. Zamani, tukiwa bado maharusi, mkanda ulilegea, taa ikawa inawaka safari nzima. Mume wangu akasema inamkodolea macho, akaing'oa kwa koleo, akaitupa dirishani. Mkanda aliukaza baadaye. Taa hakuirudisha.

"Altaneta ya gari hili haiamki hivi hivi," fundi akasema. "Inataka ionjeshwe umeme kidogo kwanza, na umeme huo unapitia kwenye taa hii. Bila taa inazunguka tu imelala. Labda ikimbizwe sana, ndiyo inashtuka yenyewe. Mumeo anaendeshaje?"

"Kama anadaiwa na barabara."

"Basi ndiyo hivyo. Mbio zake ziliishtua, upole wako haukuishtua. Mkono wako hauna kosa, dada."

Miaka kumi na minane nimeukunja mkono huu mbele za watu, na kosa lilikuwa kitaa kidogo kama punje ya hindi.

Fundi alichomoa kingine kwenye gari bovu nyuma ya kibanda, akakichomeka kwa kupapasa. Nikawasha injini. Taa nyekundu ikawaka, ikazimika. "Soma, mama," akasema. Mkewe hakusoma. Aliniwekea mita mapajani, akanikandamiza bega.

"Kumi na nne nukta moja," nikasoma mimi.

"Mama," fundi akauliza, macho yakiwa kwenye injini, "umepata mafua saa ngapi?"

Tulicheka mpaka nikapata pa kulilia.

Tukingoja betri ijae, mkewe alinisimulia. Fundi alifanya kazi karakana ya kampuni ya mabasi miaka ishirini, hadi betri ilipopasuka ikamrushia maji makali usoni. Tangu hapo vya mbali anaviona, vya karibu ni ukungu. Wakamwachisha kazi. Siku ya kwanza ya kibanda hiki mkewe alimletea chakula, akamkuta ameigandisha mita puani, anamdanganya mteja kwamba anaisikiliza. Akamnyang'anya, na mpaka leo hajairudisha. "Kwani mimi najua umeme?" akaniambia. "Mimi namjulia yeye." Niliwatazama, yule anauliza na yule anajibu, bila mmoja kumtangaza mwenzake kwa watu. Sikujua kama inawezekana. Niliona wivu, na wivu wenyewe haukuniuma.

Jumamosi shemeji akaja na kamba nene begani. Nilifungua ufunguo, taa nyekundu ikawaka. Nikawasha injini, ikazimika.

"Inatembea?" akauliza.

"Panda uone."

Nilimzungusha polepole hadi hospitali, nikashusha mashuka, nikazima, nikawasha, nikamrudisha. Njia nzima alipakata kamba yake kama mtoto mgonjwa.

"Nimwambieje kaka?"

"Mwambie taa aliyoing'oa nimeirudisha. Ataelewa."

Alicheka kidogo, akaona simchekei, akashuka. Sijamsamehe mume wangu na sina mpango huo. Shemeji aliondoka kwa miguu, kamba akaisahau kwenye kiti. Nayo ni nzuri. Ndiyo ninayofungia mashuka.