Zeina Alivyozivisha Spika

Mke wangu Zeina hakupenda kitu kikae uchi. Jagi la maji lilikuwa na kitambaa chake. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Hata mtungi wa gesi kule jikoni aliushonea gauni lenye marinda.

Nilimwambia, "Gauni hilo litashika moto."

Akasema, "Basi litakufa limevaa."

Ndivyo alivyokuwa. Lakini watu wa Shela hapa Malindi wanamkumbuka zaidi kwa spika.

Mimi ni seremala. Mwaka aliozaliwa mtoto wetu Faris, hoteli moja kule Bofa ilivunja ukumbi wake wa dansi, spika zikatupwa nje. Masanduku yake yalikuwa yameoza kwa chumvi ya bahari. Zile bakuli za karatasi nyeusi za ndani, zinazotoa sauti, zilikuwa nzima. Nikazichukua.

Nyumbani nilikuwa na mlango wa mvule, umetoka kwenye nyumba ya kale iliyobomolewa. Ulikuwa na nakshi ya maua kutoka juu mpaka chini. Nikaukata nikatengeneza masanduku mawili, yananifika kifuani. Maua nikayaweka ubavuni, upande huu na upande huu, yatazamane. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta, nikapiga msasa tena.

Yalitoka mazuri. Nimefanya milango na vitanda vingi katika maisha yangu, na bado nasema hayo ndiyo mazuri kuliko vyote. Mtu akiingia ndani husimama kwanza, ndipo anakumbuka kutoa salamu.

Zeina aliyazunguka na mtoto mgongoni.

"Ubavuni sina neno," akasema. "Lakini mbele yamekodoa macho."

"Hayo macho ndiyo yanayotoa sauti."

"Sauti haionekani, Baba Faris. Mgeni akiingia anaona macho."

Akataka nimfanyie fremu mbili za kukaa mbele, zishikwe na vijiti kwenye pembe ili zichomoleke. Nilipomaliza alikwenda kwenye kasha lake akatoa kisutu. Kisutu ni leso ya bi harusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe. Hicho nilimletea mimi, siku ya harusi yetu. Leso huuzwa mbili pamoja, doti moja. Na spika ni mbili.

"Unaona?" akasema. "Doti yake imetimia."

Akakivuta kisutu juu ya fremu, akakipigilia kwa nyuma na misumari midogo. Nilipozirudisha fremu mahali pake, chumba kilibadilika. Ilikuwa kama wamekaa wake wawili wa heshima, wanangoja kuletewa kahawa.

Tangu hapo kila Idd spika zilivaa leso mpya. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, siku ya kuamkia Idd, mimi nikiwa karakanani namaliza vitanda vya watu. Alichagua kwa makini. Lile ua kubwa la katikati ya leso lilikaa sawasawa juu ya jicho la spika, halikupotoka hata kidogo. Jina la leso, yale maneno yanayoandikwa chini ya ua, alilikunja nyuma. Nilimuuliza kwa nini analificha. Akasema spika ina mdomo wake, haina haja ya kuandikiwa.

Siku ya Idd watu walikuja kututakia heri, na macho yao yalikwenda huko kwanza. Jirani yetu Mbeyu alikuwa akichungulia dirishani kabla ya kuingia.

"Mama Faris! Hao wenzio wamependeza kunishinda!"

"Wao hawapiki, Mbeyu. Nguo yao haipati mafuta."

Miaka ikaenda. Sauti ya redio kwenye spika ikaanza kupungua. Kwanza kidogo, kisha msomaji wa habari akawa kama anasoma ndani ya gunia. Mimi nikaongeza sauti. Mwaka uliofuata nikaongeza tena. Mwisho Faris akanipeleka hospitali kupimwa masikio. Daktari akasema masikio hayana kitu. Sikumwamini.

Zeina akaniambia, "Uzee huo, Baba Faris. Kubali."

Jambo jingine, vile vijiti vya fremu vilikuwa vikikaza. Kila baada ya muda Zeina alilalamika kwamba fremu haziingii. Nilichukua patasi nikapunguza mbao za sanduku, nikapanua matundu. Nikajua ni unyevu, mvule umevimba. Huku pwani mlango gani hauvimbi?

Mwaka jana, baada ya Idd, Zeina aliugua. Ugonjwa haukukaa sana. Tukamzika.

Ilipopita arobaini alikuja mdogo wake, Raiya, kutoka Mnarani. Alikuja kugawa nguo za dada yake, kama ilivyo ada yetu. Nguo za maiti hazibaki nyumbani. Nilijua anakuja, na nilikubali. Nikamfungulia kabati, nikamfungulia kasha. Mabuibui yakatoka, madira yakatoka, viatu, mtandio aliokuwa akivaa akienda hospitali. Wanawake wakachukua na kumwombea. Mbeyu alipata dira la kijani, akalia.

Kitu kimoja tu nilikitaka kibaki. Zile leso za kwenye spika alizipigilia kwa mkono wake Idd iliyopita, za buluu zenye nanasi. Nilitaka nikiingia nyumbani nizikute pale pale alipoziweka.

Wanawake walipoondoka, Raiya akasimama mbele ya spika.

"Na hizi, shemeji?"

"Hizo ni za spika."

"Spika imeolewa lini ikaletewa doti?"

"Raiya, ziache."

"Siziachi. Doti hii tulinunua pamoja, mimi na yeye, duka moja, siku moja. Yangu nimeivaa mpaka imechuja. Yake haijavaliwa na mtu."

"Imevaliwa." Nikamwonyesha spika.

Hakucheka. Akakaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wewe una nyumba nzima ya kumwona. Mimi nina nini?"

Alisema kweli, na ada ilikuwa upande wake. Nikaenda kuleta koleo.

"Nitazivua mwenyewe," nikasema. "Wewe ukizivua utazichana."

Nikachomoa vijiti. Nikashika fremu ya kushoto, na mikono yangu ikashangaa. Ilikuwa nzito. Nikaigeuza.

Kwa nyuma nilikuta misumari juu ya misumari, na ncha za nguo zimelaliana kama kurasa. Buluu, chini yake manjano, chini yake zambarau.

Raiya alisogea. "Nini hiyo?"

"Hakuwa anavua," nikasema. "Alikuwa anavisha juu."

Tukatazamana. Nikang'oa misumari ya ile ya buluu, nikampa. Chini yake ikatokea ya manjano. Nikang'oa.

"Hii ni ya harusi ya Faris!" Raiya akasema. "Tulivaa sare ukoo mzima!"

Ya zambarau ilikuwa ya mwaka Zeina alipoanza kuuza mahamri pale barazani. Wateja wake wa kwanza walimchangia. Ya maembe Mbeyu alimpa Zeina kwa kumtunza siku arobaini za uzazi wake. Ikaja ya kijani ambayo mama yao alimwachia. Raiya aliipeleka puani, akainusa, akaiweka pajani. Kila tulipong'oa moja alikuwa na habari yake, na habari nyingine mimi sikuzijua. Kumbe Zeina alikuwa na ugomvi na duka moja la sokoni, akakataa kununua pale mpaka mwenye duka alipokuja mwenyewe kuomba radhi. Maisha yake yote na mimi yalikuwa yamepigiliwa hapo, Idd kwa Idd, na mimi nachonga mbao nazilaumu kuvimba.

Raiya akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi! Wanakuita fundi!"

"Hakuna aliyeniambia nitazame nyuma."

"Na masikio wamekupima!"

Mwisho tukakifikia kisutu. Jua halikuwa limekigusa tangu Faris akiwa mchanga. Zile leso za juu zilimlinda mwenzao. Wekundu wake ulikuwa ule ule wa siku nilipokileta.

Nikaweka koleo kwenye msumari wa kwanza.

"Acha, shemeji," Raiya akasema. "Hicho ulikileta wewe. Kimetoka kwako, kikae kwako."

Nikarudisha fremu mahali pake. Ya kulia nayo tukaivua hivyo hivyo. Vijiti vikaingia vyenyewe, vikacheza kwenye matundu niliyoyapanua. Nikawasha redio. Alikuwepo mtu anasoma habari za maji ya mfereji. Nilimsikia anavyogeuza karatasi. Nilimsikia anavyomeza mate.

Raiya akaziba masikio. "Punguza! Unataka kutuua?"

Nikapunguza. Akaniuliza, "Unadhani alijua zinaziba sauti?"

"Alijua," nikasema. Sina shaka. Kati ya sauti na sura, Zeina alichagua siku ya kwanza, na mimi nilikuwepo alipochagua.

Leso zote Raiya alizigawa. Ya nanasi alibaki nayo. Kisutu kipo, na mtu akiingia bado anasimama kwanza. Idd hii watu waliniuliza kama nitazivisha upya. Nikasema zimekwisha kuvaa.

Nikipita sokoni huwatambua wanawake waliopata leso za Zeina, hata wakiwa wamenipa mgongo. Pindo la leso lina matundu madogo ya misumari, yamefuatana mstari mmoja, yamenyooka.