Nilivyomfuta dada yangu kwenye dictionary ya Python

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka sasa kuna mahali sijaelewa.

Mimi ni kifungua mimba kwetu, karibu na Malakisi. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba nikalea wadogo zangu. Siku hizi namwagilia miche ya avocado kwenye nursery moja hapa Kitale, na najifunza Python kwa simu.

Mama Shiro, mwenye nursery, aliniambia, "Tengeneza hiyo programu yako ya oda. Ikifanya kazi, nakutoa kwa mpira wa maji nakuweka ofisini."

Ofisini, wakuu! Niliitaka hiyo nafasi kuliko chakula.

Nilikuwa nimesoma hivi: list ni kama foleni, kila kitu kina nafasi yake. Set haikubali kitu kurudiwa. Tuple ukishaifunga haibadiliki. Dictionary unaipa key, inakupa value. Nikaona dictionary ndiyo yenyewe: jina la mteja liwe key, idadi ya miche iwe value.

Oda za kwanza zilitoka kwetu Bungoma. Nikaingiza zote, hakuna error hata moja. Tukapakia canter kulingana na programu, tukaenda.

Miche ikaisha watu bado wamesimama.

(Kwa wasiotujua: kwetu mtoto huitwa kulingana na msimu. Wa mvua ni Wafula, wa mavuno ni Nekesa. Kijiji kimoja kina akina Wafula wa kutosha.)

"Nekesa ameshapewa," nikasema nikiangalia simu.

"Nekesa gani?" Huyo ni dada yangu mdogo, naye ni Nekesa. "Ati mimi sina miche? Bro, si ulinilea wewe mwenyewe, leo umenifuta!"

Mzee mmoja Wafula, naye mikono mitupu, akaongeza, "Hiyo kompiuta inajua Wafula mmoja tu? Basi haijafika Bungoma, bana."

Watu wakacheka. Mimi nikafungua code palepale.

Kumbe key haiwezi kuwa mbili. Jirani yetu Nekesa aliagiza baada ya dada yangu, kwa hivyo oda yake ilikalia ile ya kwanza. Python ikanyamaza tu.

Nikajaribu nambari ya simu iwe key. Mzee Wafula na mkewe wanatumia simu moja, mmoja akapotea tena.

Nikajaribu list yenye jina, jina la baba na kijiji iwe key. Ikakataa: unhashable type, yaani list haifai kuwa key. Nikabadilisha mabano tu, ikawa tuple, ikakubali. Nilibaki nikiangalia hiyo skrini kama mgeni.

Mama Shiro aliposikia alisema, "Haiya! Kijiji kizima jina moja? Basi wapelekee miche wewe mwenyewe, na uwaombe msamaha. Akibaki mtu, sahau ofisi."

Nikarudi. Nikaita kila mtu kwa jina, baba na kijiji. Hakuna aliyebaki. Dada yangu alichungulia simu, akasoma jina la marehemu baba likifuata lake.

"Kumbe na baba yuko ndani," akasema, akabeba miche yake.

Jumatatu nilianza ofisini.

Nilichojifunza: kabla ya kuchagua dictionary, jiulize kama hiyo key inaweza kuwa ya watu wawili.

Sasa mnaojua, nielezeni polepole: kwa nini tuple inakubaliwa kuwa key na list inakataliwa? Na wewe Python ilikuficha nini bila kukwambia?