Maji Niliyoyakisia

Nilifika Kindu baada ya siku mbili za treni kutoka Kongolo, nimekalia sanduku langu la bati, maana mabenchi yote yalikuwa yamejaa wanawake, kuku na magunia ya muhogo mkavu. Cheche za kuni ziliingia dirishani zikanitoboa shati mahali pawili. Shati hilo ndilo nililovaa siku ya kwanza ya sekondari. Pale Kibombo tulisimama saa nyingi, na mama mmoja aliyekaa jirani akaniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa mapadri, kusoma.

“Na kwenu ni wapi?”

Nilitazama nje.

Nilikuwa nimekwisha kuishi nyumba tano. Baba alikwenda kwenye migodi ya bati upande wa Pangi, hakurudi. Mama akaolewa na mtu asiyetaka mtoto wa mwanamume mwingine. Nikapitishwa kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba aliyekuwa karani, na kwingine ambako sipendi kukumbuka. Hakuna aliyewahi kuniambia ondoka. Nilirudi tu kutoka shambani au mtoni, nikakuta sanduku langu limefungwa, limewekwa barazani. Hapo nilijua.

Kwa hiyo bwenini, wenzangu walipotundika nguo zao kwenye misumari, mimi nilitoa shati moja na kulirudisha sandukuni jioni.

“We, treni yako inatoka saa ngapi?” mmoja aliniuliza, na bweni zima likaangua kicheko.

Mkuu wa shule alikuwa padri wa Kibelgiji, mrefu, ndevu zake zikinuka tumbaku. Aliona hesabu zangu ni nzuri, akanipa kazi ya kusoma maji. Bandarini, ndani ya mto, palikuwa na nguzo iliyochorwa mita na sentimita. Kila asubuhi saa kumi na mbili nilipaswa kushuka ngazi za mawe, nione Lualaba imefika wapi, nipande, niandike namba kwa chaki kwenye ubao wa bandari. Kwa namba hiyo kapiteni wa meli ya mtoni alijua apakie mzigo kiasi gani na apite wapi kati ya mchanga na mawe.

Nilifanya vizuri mpaka kiangazi. Asubuhi za kiangazi ukungu hulala juu ya mto kama pamba, na ngazi zile zilikuwa na utelezi. Maji yalikuwa yakishuka sentimita nne kila siku. Nne, nne, tena nne. Asubuhi moja nilisimama juu, karibu na ubao, sikuiona nguzo, nikatoa nne kichwani nikaandika. Nilijiona mwerevu. Kesho yake nikafanya vile vile, na keshokutwa. Siku ya nne meli iliondoka na namba yangu.

Siku ya tano, katikati ya somo la mkuu wa shule, mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamume wa makamo, mkono wa kulia umefungwa kwa vijiti na kitambaa, damu imekauka shingoni. Nilimfahamu kwa sura. Ndiye aliyesimama mbele kabisa ya meli, akipima kina kwa upondo wenye alama.

“Nani njo anasoma maji?”

Nikasimama.

“Huyu? Mutoto huyu?” Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. “Sema, mwanangu. Ile namba ulishuka kuiona, ao uliipika?”

Mtu nyuma yangu alicheka, akanyamaza ghafla. Mimi niliutazama ule mkono. Vidole vilikuwa vimevimba, haviwezi kukunjwa.

“Niliipika, Baba.”

Akavuta pumzi. “Mi nilipima, nikalia: maji kidogo! Kapiteni akasema, namba ya bandari inasema maji iko. Tukapiga jiwe. Mi nikaruka kama kuku.”

Padri aliniambia nitoke nje. Kumbe mto ulikuwa umeshuka kuliko nne zangu. Nilikuwa nimeandika tarakimu chache za chaki tu, na mfupa wa mtu umevunjika. Nilikwenda bwenini, nikafunga sanduku, na safari hii nikaliweka barazani mwenyewe. Nikalikalia.

Walikuja wote wawili, Padri na yule mpima kina.

“Nani amekutuma utoe sanduku?” Padri akauliza.

“Hakuna, Padri. Nimefukuzwa.”

“Na nani?”

Niliutazama ule mkono uliofungwa.

“Ukienda, kesho nani atasoma maji? Rudisha sanduku. Halafu, kila siku baada ya masomo, utavuka mto hadi Alunguli, ng'ambo, kwa huyu baba. Utakuwa mkono wake mpaka wake upone.”

“Sitaki mukono wa mwongo,” yule mtu akasema. Kisha, baada ya kunitazama tena: “Anajua kupasua kuni?”

Fimbo ningeielewa. Treni ningeielewa. Hili sikujua mtu hulipokea vipi.

Miezi miwili nilivuka kwa mtumbwi. Nilimpasulia kuni, nikamchotea maji, nikamfunga vifungo vya shati. Mkono ulipoanza kupona alinipa upondo, akaniambia nifumbe macho. Mchanga hukwaruza, matope humeza, jiwe hugonga mpaka kwenye bega.

“Polepole, mukubwa wa hesabu! Maji haikusoma shule.”

Siku nilipotaja mwamba kabla upondo haujaugusa, hakunisifu. Aliacha tu niendelee. Ndani yangu kitu kilitulia kwa mara ya kwanza. Nilijua kazi nitakayofanya. Sikumbuki ni lini nilianza kutundika shati kwenye msumari.

Baada ya mtihani wa mwisho nilipata kazi ya kupima mito, huko mto unakoteremkia. Asubuhi ya kuondoka nilipitia bandarini. Msomaji mpya wa maji alikuwa tayari kwenye ubao, chaki mkononi.

“Umeshuka?”

“Nimeshuka, mukubwa.”

“Onyesha miguu.”

Alinyanyua mguu mmoja, amekasirika. Ulikuwa umelowa mpaka kifundoni. Hata hivyo nilishuka nikasoma mwenyewe. Namba ilikuwa sawa.

“Mukono wangu!” yule mzee aliita kutoka mbele ya meli. Ndivyo alivyoniita siku zote. Kiwiko chake kilibaki kimepinda. “Panda, tunakuacha!”

Sasa nimevuka miaka arobaini, na sijakaa mji mmoja zaidi ya misimu miwili. Lakini siku ile ndiyo ya kwanza kuondoka mahali bila mtu kuniwekea sanduku barazani. Nilidhani itakuwa rahisi. Meli ilipoachana na gati nilitazama ngazi zile za mawe, nikashtuka kukuta natokwa na machozi, mtu mzima, mbele ya abiria wote, na yule mzee akageuza uso wake kwenye maji akaanza kutaja kina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.